Tunafunzwa kufunga mizigo, hatufunzwi kupanda tramu

Mhariri,

Wiki mbili zilizopita mlichapisha barua ya msomaji mmoja wa Kisauni aliyewasihi wanawake wa Mombasa wanaokwenda Uturuki kununua nguo wasithubutu kupanda vyombo vya umma wakiwa peke yao, bali wamtegemee mwenyeji au wakodi teksi kila watokapo hotelini. Nimeisoma barua hiyo mara tatu, kwa kuwa aliyeiandika hakuiandika kwa nia mbaya, na kwa kuwa mimi mwenyewe, miaka michache iliyopita, ningeliandika hivyo hivyo. Naomba nafasi katika ukurasa wenu nieleze kilichonibadili mawazo, na kwa nini naamini kwamba ushauri ule, ijapokuwa una sura ya ulinzi, unatugharimu fedha nyingi zaidi ya hiyo nauli ya teksi.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nilifundisha Kiswahili katika shule za msingi kwa miaka 30, na nilipostaafu nikafungua duka dogo la madira, mabuibui na nguo za watoto karibu na Mwembe Tayari. Nimekwenda Istanbul mara tatu. Safari ya kwanza tulikuwa kundi la wanawake saba, na tulipokewa na dalali, mtu wa kwetu anayeishi huko, ambaye kila asubuhi alitufuata hotelini katika mtaa wa Laleli, akatupakia garini, akatupeleka katika maduka aliyoyachagua yeye, akasimama pembeni tukipatana bei, na jioni akaturejesha. Kwa siku sita nilikuwa katika mji ule nisijue niko wapi, sawa na katoni iliyobandikwa anwani. Niliporudi nyumbani na kupiga hesabu nikaona faida yangu ni ndogo kuliko ya mwenzangu aliyenunua nguo zile zile kwingine, na baadaye muuzaji mmoja mwema alinifafanulia bila kuuma maneno kwamba dalali hupata fungu lake kwa kila katoni, na fungu hilo hulipwa na mnunuzi, limeshatiwa ndani ya bei. Simlaumu dalali, kwani hiyo ndiyo kazi yake. Lakini mnunuzi asiyeweza kutoka duka hili hadi lile kwa miguu yake na nauli yake hana uwezo wa kusema, "Bei hii siitaki, nakwenda kutazama kwingine." Huko kwingine atafikaje?

Safari ya pili nilikwenda peke yangu, wala si kwa ushujaa. Mwenzangu aliugua wiki moja kabla ya kuondoka, na tiketi yangu ilikuwa ya aina isiyorejeshwa pesa. Wakala aliyenikatia tiketi hiyo alinieleza kwa ustadi mambo ya viza, bima, uzito wa mizigo na namna ya kutuma bidhaa kwa kago. Nilipomwuliza nitatokaje uwanja wa ndege hadi Laleli, alijibu, "Utachukua teksi tu, Mwalimu," akarudisha macho kwenye kompyuta yake. Ushauri wote wa usafiri wa mjini ulikuwa ni sentensi hiyo moja. Wafanyabiashara wakongwe niliowauliza hawakuniongezea kitu, maana nao wengi wao, baada ya safari kumi au ishirini, walikuwa bado wanaishi garini mwa dalali.

Ningependa wasomaji wauelewe mji wenyewe, kwani hofu nyingi hutokana na kuufikiria kama msitu. Istanbul, ambayo wazee wetu waliiita Stambuli, imekaa juu ya mabara mawili, Ulaya upande huu na Asia upande ule, na katikati unapita mlangobahari wa Bosphorus. Hilo si jambo la kumtisha mtu wa Mombasa, ambaye amezaliwa kisiwani na ameiona feri ya Likoni tangu akiwa mgongoni mwa mamake. Tofauti ni kwamba kule mvukaji ana njia nyingi: kuna feri zinazokwenda huku na huku mchana kutwa, kuna madaraja, na tangu tarehe 29 Oktoba 2013 kuna reli ya Marmaray inayopita ndani ya tundu lililolazwa chini ya bahari, ambalo mahali penye kina kirefu zaidi liko takribani mita 60 chini ya uso wa maji. Reli hiyo ilichelewa kwa miaka kadhaa, na sababu mojawapo ilinifurahisha mno kama mwana wa bandari: wachimbaji walipofika Yenikapı walikuta bandari ya kale ya enzi za Byzantium, pamoja na mabaki ya vyombo 37 vilivyozama humo karne nyingi zilizopita, ikabidi vitolewe kimoja kimoja kwa uangalifu. Leo abiria hubadilisha treni mahali ambapo zamani majahazi yalitia nanga. Mji huo pia una reli fupi ya chini ya ardhi iitwayo Tünel, iliyoanza kazi mwaka 1875, miaka 21 kabla ya mataruma ya reli ya Uganda kuanza kulazwa hapa Mombasa. Watu wa huko wamezoea kusafirisha umati, na wamezoea wageni.

Niliposhuka uwanja wa ndege sikuchukua teksi. Nilifuata alama ya herufi M, yaani metro, treni ya chini ya ardhi, kwa sababu kijana mmoja aliyeketi nami ndegeni, mwanafunzi wa Kitanzania, alinichorea njia nyuma ya karatasi ya forodha: treni ya M11 hadi Gayrettepe, kisha M2 hadi Vezneciler, kisha kutembea kidogo. Maneno hayo machache yalinitosha. Njia zote za reli za mji ule zina herufi, nambari na rangi, kiasi kwamba hata mwenzetu ambaye hakubahatika kusoma sana anaweza kuifuata M2 kwa rangi yake ya kijani kutoka ukutani hadi mlangoni mwa behewa. Pale Gayrettepe, hata hivyo, baada ya matembezi marefu ya chini ya ardhi, nilikutana na swali ambalo ndilo kiini cha barua hii. Mbele yangu kulikuwa na vibao viwili vya M2, kimoja kimeandikwa Hacıosman na kingine Yenikapı, na hakuna hata kimoja kilichoandikwa Vezneciler.

Nilisimama pale na sanduku langu tupu kwa dakika kadhaa, moyo ukinidunda, mpaka nikamkumbuka makanga. Tangu utotoni tunamsikia makanga akipaza sauti, "Mtwapa! Mtwapa!" na mtu wa Shanzu hupanda bila kuuliza, wala hasemi, "Mimi siendi Mtwapa." Anajua kwamba jina linalotajwa ni la mwisho wa njia, na kwamba Shanzu iko katikati. Reli ya Istanbul husema vivyo hivyo, ila yenyewe haipazi sauti, huandika. Nikaitazama ramani ya ukutani, nikakitafuta kituo changu, nikaona kwamba baada yake kuna kituo kimoja tu, nacho ni Yenikapı. Nikapanda. Treni ilipotoka chini ya ardhi na kupita juu ya daraja la Haliç, mkono wa bahari unaoingia mjini, maji yakiwa pande zote mbili na misikiti imejipanga juu ya vilima, machozi yalinilengalenga kwa namna ambayo sikuitarajia kwa mwanamke wa umri wangu.

Elimu hiyo, kwa hiyo, tunayo. Kila mtu anayepanda matatu ana sehemu kubwa ya maarifa anayoyahitaji katika mji wowote wa dunia, na linalokosekana ni mtu wa kumwambia kwamba maarifa hayo yanavuka bahari pamoja naye.

Nisije nikaonekana najisifu, nieleze na nilivyopotea, maana nilipotea kesho yake tu. Nilikuwa nikienda kwenye kituo cha tramu, yaani treni ya umeme ipitayo barabarani, kiitwacho Merter Tekstil Merkezi, ambako kuna maduka ya jumla, na tramu ya T1 inapita Laleli moja kwa moja hadi huko. Merter nilijua iko upande gani. Kosa langu lilikuwa la mwili, si la akili: kwetu magari hupita kushoto na kule hupita kulia, nami nikavuka hadi upande ambao, kwa desturi ya Mombasa, chombo cha kuelekea huko kingesimama, nikaingia katika tramu ya kwanza bila kusoma jina lililoandikwa usoni mwake. Jina lilikuwa Kabataş. Nililopaswa kulitafuta ni Bağcılar. Nilipopita msikiti wa Sultan Ahmed wenye minara sita nikafurahi kwamba njia ni nzuri, na nilipoiona bahari nikajua nimepotea, kwani hakuna aliyeniambia kwamba Merter ina bahari. Nikashuka Eminönü, nikavuka, nikapitisha kadi tena, nikarudi nilikotoka. Hasara ilikuwa nauli moja na muda usiofika saa nzima. Naitaja hasara hiyo kwa makusudi, kwa kuwa watu hulisema neno "kupotea" kana kwamba ni kuanguka kisimani, na kumbe katika mji wenye reli njia iliyokupoteza ndiyo hiyo hiyo inayokurudisha.

Kuhusu kadi nina mengi, kwani hapo ndipo wageni wengi hupoteza fedha bila kujua. Kadi moja, iitwayo Istanbulkart, hutumika katika metro, tramu, mabasi, feri na Marmaray. Huuzwa na kuongezewa pesa kwenye mashine zilizoko vituoni, na mashine hizo hupokea noti lakini hazirudishi chenji, kwa hiyo mtu asiingize noti kubwa kama hana haja ya salio lote hilo. Ukibadilisha chombo ndani ya muda mfupi, nauli ya chombo cha pili hupungua. Jambo ambalo hakuna aliyenidokezea ni hili: katika Marmaray na katika yale mabasi marefu ya njia maalumu yaitwayo Metrobüs, unapoingia hukatwa nauli ya safari ndefu kabisa, na unaposhuka mapema unatakiwa upitishe kadi kwenye mashine nyingine ndogo yenye neno "iade" ili urudishiwe kilichozidi. Mimi nilizipita mashine hizo kwa siku tatu nikidhani ni za watumishi, mpaka msichana mmoja wa shule alipoukamata mkono wangu kwa adabu, akaupeleka hadi kwenye mashine, na salio langu likapanda mbele ya macho yangu. Aliniita "teyze", yaani mama mdogo. Sijui ni wafanyabiashara wangapi wa Mombasa wameiachia mashine ile pesa zao tangu Metrobüs ilipoanza mwaka 2007.

Metrobüs yenyewe, kwa wasiojua, ina vituko vyake. Inapita katikati ya barabara kuu, katika njia zake zilizotengwa, na ndani ya njia hizo mabasi hupita kushoto wakati magari mengine yote ya nchi hupita kulia, kwa kuwa milango iko upande wa kulia na vituo viko katikati. Kwa hiyo mtu wa Kenya ambaye ameshajizoesha kulia hulazimika kujizoesha kushoto upya kwa muda wa safari hiyo. Jioni hujaa kiasi cha kunikumbusha umati unaongoja feri ya Likoni saa kumi na mbili, nami nilipanda mara moja tu, nikatosheka.

Katika basi la kawaida kosa langu lilikuwa la kungoja. Nilikiona kituo changu kinakaribia, nikasimama, nikangoja makanga apige bodi la gari au abiria mwenzangu aseme "Shukisha!" Hakuna aliyesema, na basi likapita. Kumbe kuna kitufe kwenye nguzo, ukikibonyeza huwaka maandishi mbele ya basi kumjulisha dereva kwamba kuna anayeshuka. Ukimya wa basi la ugenini ni lugha ambayo sisi hatukulelewa nayo, na nadhani ukimya huo huwaogopesha wanawake wetu kuliko hata Kituruki.

Kituruki, kwa kweli, kina huruma kwa Mswahili. Ukiuliza tramu itafika lini, utajibiwa "beş dakika", na dakika ni dakika. Saa ni "saat", wakati ni "vakit", habari ni "haber", hesabu ni "hesap", chai ni "çay". Kampuni ya zamani ya meli za abiria katika Bosphorus, iliyoanzishwa mwaka 1851, iliitwa Şirket-i Hayriye, na msomaji wenu yeyote ataona humo shirika na kheri bila msaada wa kamusi. Hata matatu wanazo. Huziita "dolmuş", maana yake "iliyojaa", kwa sababu haiondoki mpaka ijae. Sisi tuliita chombo chetu kwa nauli ya zamani ya senti thelathini, wao wakakiita kwa msongamano wake, na sina hakika ni nani aliyesema kweli zaidi. Dolmuş haina makanga. Abiria wa nyuma humpa nauli yake aliye mbele, naye humpa wa mbele yake, hadi imfikie dereva, na chenji hurudi kwa mikono hiyo hiyo bila kupungua. Ukitaka kushuka unasema "inecek var", yaani yupo wa kushuka. Nililifanyia mazoezi neno hilo hotelini mbele ya kioo, kama wanafunzi wangu walivyokuwa wakifanya kabla ya tamasha la maigizo.

Sasa nirejee kwenye hoja ya usalama, ambayo ndugu yangu wa Kisauni aliitilia mkazo, na ambayo sitaki kuipuuza. Siku ya Ijumaa nilipumzika biashara nikavuka kwenda upande wa Asia, kwa sababu tu jina la mahali lilinivutia: Kadıköy, yaani kijiji cha kadhi. Nilipanda feri Eminönü, nikanunua chai katika kibilauri kidogo kisicho na mkono, nikaketi nje nikiwatazama watu wakiwarushia ndege wa baharini vipande vya mkate. Nilizunguka sokoni hadi jioni. Niliporudi gatini simu yangu ilikuwa imezimika kwa kuishiwa chaji, na ramani yote niliyoitegemea ilikuwa ndani ya simu hiyo. Kadıköy haina gati moja kama Likoni, bali magati kadhaa yaliyopangana, na kila moja lina feri yake na mji wake wa kwenda. Nikaufuata umati, jambo ambalo kwetu halina kosa, nikaingia. Feri ilipotia nanga niliona msikiti nisioujua na uwanja nisioujua. Nilikuwa Beşiktaş, jua limeshatua, nami sina simu.

Nakiri kwamba niliogopa. Kilichonisaidia ni karatasi, kwani tangu siku ya kupotea nilikuwa nimeandika mahali ninapoishi kwa herufi za Kituruki sahihi, zikiwemo zile i zisizo na nukta na s zenye mkia, pamoja na nambari ya tramu: "Laleli, T1". Nikamwonyesha mzee aliyekuwa akingoja basi. Akaisoma, akatikisa kichwa, akanyoosha kidole upande wa kulia akasema, "Kabataş. Tramvay." Neno hilo lilikuwa kama salamu ya jirani. Kabataş lilikuwa lile jina la tramu iliyonipoteza siku ile ya Merter, mwisho wa T1, mahali ambapo tramu haina pengine pa kuelekea isipokuwa kwangu. Mzee alinipandisha basi la kwanza, akamwambia dereva maneno ambayo nililitambua moja tu, "misafir". Sisi tunasema msafiri. Wao wakisema hivyo wanakusudia mgeni. Dereva akanishusha Kabataş mwenyewe, na kabla ya saa tatu nilikuwa hotelini.

Sisimulii kisa hicho ili kusema kwamba hakuna hatari. Ndani ya tramu iliyosongamana mkoba hukaa mbele, chini ya mkono, kama tunavyofanya Marikiti. Fedha za mtaji sikuzibeba nikiwa natembea. Usiku wa manane wenye mizigo, teksi ina haki yake, na mtu asione haya kuichukua, ila aandike bei ya kawaida kwanza, kwani siku moja nililipishwa na dereva mmoja kiasi ambacho kingenipeleka na kunirudisha kwa tramu wiki nzima. Lakini nisaidieni kulipima hili: kati ya mwanamke aliyezimikiwa na simu akiwa na karatasi yenye jina la kituo na nambari ya njia, na mwanamke aliyezimikiwa na simu ambaye kwa siku sita amekuwa akipelekwa kama katoni na hajui hata jina la mtaa wa hoteli yake, ni yupi aliye hatarini zaidi? Mlinzi wa huyu wa pili ni dalali, na dalali naye huugua, huchelewa, na mara nyingine hugombana na wateja wake juu ya malipo akawaacha barabarani.

Naongeza jambo moja linalotuhusu sisi wenyeji, kisha niliache. Tangu nirudi nimekuwa nikiwatazama wageni wanaoshuka treni Miritini, au wanaosimama pale Saba Saba wakishangaa, na nimeona kwamba mji wetu hauwaandikii chochote. Steji zetu tunazijua kwa mazoea. Mgeni akiambiwa ashuke Mwembe Tayari atautafuta mwembe, na akiambiwa Kengeleni atasikiliza kengele. Akipata makanga mwema atafika, na akipata mbaya atalipa mara mbili. Vibao kumi vya mabati vyenye majina ya steji na njia zipitazo hapo visingeifilisi kaunti yoyote.

Ombi langu kuu, hata hivyo, ni kwa wanaotutayarisha kwa safari. Mawakala wa tiketi wa mji huu, ambao huchukua ada zetu na kutushauri hadi rangi ya sanduku, waongeze ukurasa mmoja katika bahasha ya kila msafiri, wenye jina la kituo kilicho karibu na hoteli yake kwa herufi za huko, nambari ya njia, majina ya miisho yake miwili, na onyo kuhusu upande wa barabara na mashine ya kurejeshewa nauli. Vyama vya akina mama wafanyabiashara, ambavyo hukutana kila mwezi kuzungusha michango, vitenge kikao kimoja ambamo waliokwisha kwenda, iwe ni Istanbul, Dubai, Mumbai au Guangzhou, wawachoree wenzao njia ubaoni. Ninyi gazetini mnaweza kutupa safu moja kwa mwezi ambayo kila mara msafiri mmoja ataeleza mji mmoja, bila mapambo, namna unavyoingia, unavyolipa na unavyoshuka. Niko tayari kuandika ya kwanza, na sidai malipo.

Jumamosi iliyopita jirani yangu wa duka la pili, ambaye anasafiri mwezi ujao kwa mara ya kwanza, alikuja baada ya alasiri nikampa kadi yangu ya nauli ikiwa na lira kadhaa ndani yake. Tulichora T1 nyuma ya karatasi ya kufungia madira, Laleli katikati, Kabataş mkono huu, Bağcılar mkono ule. Akaelewa yote kwa haraka, kisha akauliza, "Lakini Mwalimu, nikitoka Merter kurudi Laleli, nasimama upande gani wa barabara?" Nikaona maelezo ya mdomo hayatatosha. Tulitoka nje tukavuka barabara ya Mwembe Tayari, nikamsimamisha upande ambao si wake, nikamgeuza uso, nikamwambia aungojee uelekeo usiozoeleka, naye akasimama hapo akiurudia kwa sauti, Kabataş, Kabataş, mpaka makanga wa matatu ya Magongo akatupigia mluzi, akidhani tunamngoja yeye.

Wasalaam,

Mwalimu mstaafu na mwuzaji wa nguo,
Mwembe Tayari, Mombasa